Mahindi ya siku 14: tunaweza kupenda Stardew Valley na kuikosoa?



Mwezi wa kumi na mbili nilirudi kutoka shamba magharibi, viatu vimejaa udongo mwekundu, mgongo unauma. Mdogo wangu alikuwa amekaa ku kiti ya plastiki mbele ya mlango, telefoni mkononi. Akaniuliza bila kuinua macho:

«Yaya, mahindi yako iko namna gani?»

Nikamujibu: «Bidudu binaikula.»

Akanionyesha kioo ya telefoni. «Yangu nimeshaivuna mara tatu. Mu siku makumi mbili na mbili.»

Nilicheka. Lakini usiku usingizi haukuja mbio. Lile shamba tulilikodi watu wanne wa promosyo moja, kila mtu na franga alizotafuta kwa shida. Na huyu mdogo wangu, mwenye diploma ya Leta mpya kabisa, alikuwa ameshamwambia mama kwamba anataka kuingia fakulte ya agronomi. Kisa chake? Ule mchezo. Hakuwa amesoma kitabu cha kilimo, hakuwa amefuata mfano wangu. Ilikuwa paka mchezo wa telefoni unaoitwa Stardew Valley.

Sasa nimwambie nini? Kwamba mchezo unadanganya? Ni kweli, unadanganya. Lakini na mimi ninaucheza. Njo maana nimeandika haya. Kati yetu balisansie kuko wanaosema michezo ya namna hii ni upotezaji wa wakati, na kuko wanaoipenda mpaka hawataki kusikia neno baya juu yake. Ninaona pande zote mbili zinakosa kitu.

Mchezo wenyewe ni nini

Kwa wasioujua: Stardew Valley ulitoka tarehe 26 Februari 2016. Aliyeutengeneza ni Mmarekani mmoja, Eric Barone. Alimaliza universite mwaka 2011 mu mambo ya kompyuta, akatafuta kazi, akakosa. Akaanza kutengeneza mchezo wake peke yake: programu, picha, muziki, hadithi, vyote kwa mkono wake, karibu miaka 4 na nusu. Wakati ule alikuwa na kibarua kidogo cha kuonyesha watu viti vyao mu jumba moja la maonyesho kule Seattle, na mchumba wake alimsaidia kuishi. Sisi wenye lisansi ukutani bila kazi, hatuhitaji mtu atufasirie hiyo hadithi.

Mfano wake ulikuwa mchezo wa Japani wa mwaka 1996, Harvest Moon. Mpaka mwisho wa mwaka 2024, Stardew Valley ilikuwa imeshauzwa zaidi ya mara milioni 40.

Namna inavyoenda ni hivi. Wewe ni mfanyakazi wa ofisi ya kampuni kubwa moja, Joja. Umechoka. Babu yako alikuachia barua, na mu barua kuko shamba kijijini. Unafika, unapewa mbegu 15 za aina ya karoti nyeupe, jembe, shoka na chombo cha kumwagilia. Siku inaanza saa kumi na mbili asubuhi na inaisha saa nane usiku. Kwa saa zetu ni kama dakika 14 tu. Musimu uko na siku 28, mwaka uko na misimu 4. Unalima, unavua samaki, unafuga kuku, unachimba mawe mu mugodi, unafanya urafiki na watu wa kijiji, ukitaka unaoa. Hakuna wa kukufukuza. Hakuna anayekufa na njaa.

Makosa ambayo agronomu hawezi kunyamazia

Nianze na mahindi, juu yalinigusa. Mu mchezo, mahindi yanakomaa kwa siku 14, kisha shina lilelile linatoa tena kila siku 4, majira mawili yote. Kwetu, kila mtu aliyeshika jembe anajua: tunapanda mvua ikishika, kati ya mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili, tunangoja karibu siku 120, na shina linatoa hindi moja, mara chache mawili. Kiisha linakauka. Hakuna mara ya pili.

Kosa la pili ni udongo. Mu Stardew Valley udongo hauchoki. Unaweza kupanda kitu kilekile mahali palepale miaka kumi, mavuno hayapungui. Udongo wetu wa hapa Haut-Katanga, ule mwekundu, ni mzee na una asidi nyingi. Asidi ikizidi, aluminiamu inaamka mu udongo na kuchoma mizizi, na fosfori inafungwa: iko pale, lakini mmea hauwezi kuichukua. Ukimwaga engre bila kuweka chokaa wala samadi, mara nyingi umemwaga franga. Shamba la familia lisilo na mbolea linaweza kutoa tani 1 tu kwa hekta, au pungufu ya hapo.

Kosa la tatu: hakuna ugonjwa. Adui mkubwa wa mazao ni kunguru, na sanamu za kuwafukuza zinatosha. Kwetu, tangu karibu mwaka 2016 Afrika imepata mgeni kutoka bara la Amerika, yule kiwavi jeshi. Kipepeo wake anataga mayai chini ya jani, mtoto anaingia ndani ya moyo wa mahindi, na ukiona majani yametobokatoboka ujue ameshakaa. Ukitaka kumshinda bila dawa ya bei kali, unapita mstari kwa mstari asubuhi, unaponda mayai kwa vidole. Njo kazi niliyokuwa nimetoka kufanya ile siku.

La nne: soko halijai. Unaweka mavuno mu sanduku, asubuhi franga zimefika. Uuze kumi, uuze elfu moja, bei ni ileile. Siye tunajua bei ya bunga hapa Lubumbashi inategemea hata mvua ya jirani. Tarehe 29 Februari 2024 Zambia ilitangaza ukame kuwa janga la taifa. Mama anayepika bukari hapa kwetu alilijua hilo mbele ya kusikia redio, juu mahindi mengi tunayokula yanapita Kasumbalesa.

Na la tano, ambalo watu hawalioni: ardhi ni ya bure. Babu aliacha shamba, karatasi ziko sawa, hakuna chifu, hakuna wa kukuambia kwamba hapa palishauzwa mara mbili.

Shaba isiyo na moshi

Kuko jambo lingine ambalo mtu wa Lubumbashi analiona mbele ya mtu wa Paris. Ku Stardew Valley, metali ya kwanza unayochimba mu mugodi ni shaba. Unachukua vipande 5 vya jiwe la shaba na makaa moja, unaweka mu tanuru, nusu saa ya mchezo, unapata kipande cha shaba safi. Unampelekea mufua chuma wa kijiji, anakutengenezea jembe nzuri zaidi. Na lile tanuru unaweza kulisimamisha katikati ya mboga zako. Hakuna jani linalogeuka.

Siye tuko na tanuru letu. Mji wetu ulianza mwaka 1910, na shaba ya kwanza ikayeyushwa hapa mwaka 1911. Ile sheminee kubwa na ule mulima mweusi wa mabaki ni alama ya mji, tunaipiga picha, tunaipenda. Lakini moshi wake ulibeba salfa na vumbi la metali miaka mingi, ukienda upande ambako upepo unasukuma. Penga-Penga ni mahali ambako watu wa fakulte yetu ya agronomi walifanya majaribio ya kurudisha majani na miti juu ya udongo uliochafuka: kuweka chokaa, kuweka mbolea ya mboji, kupanda aina ya majani yanayovumilia shaba. Hiyo kazi inadai miaka. Mu mchezo ingechukua sekunde, lakini mu mchezo haihitajiki, juu moshi wenyewe hauko.

Kwa haki, mutengenezaji hakusahau kabisa. Mwanzoni njia ya mugodi imefungwa na maporomoko, na siku ya tano unapata barua ya kampuni ya Joja: maporomoko yalitokana na kuchimba kwao, sasa wameyaondoa, na kazi yao inafuata sheria. Niliposoma ile barua mara ya kwanza, nilicheka peke yangu kama mwenda wazimu. Mtu wa Seattle alijua namna kampuni zinavyoandika.

Basi kwa nini tunaipenda

Kama makosa ni mengi vile, kwa nini jioni ninashika telefoni ya mdogo wangu na kusema «leta kidogo»?

Kwanza, juu jasho linalipwa. Ukimwagilia, inaota. Ukiahidi, unapata. Kijana aliyepeleka dosie ya kazi mahali kumi na tano bila jibu anajua utamu wa kitu kinachojibu. Mimi siiti hiyo uvivu. Ni kupumzika mahali ambapo hesabu inatoka sawa.

Pili, mchezo unafundisha vitu vya kweli, hata kama namba zake ni za uongo. Unafundisha kalenda: ukipanda kitu cha siku 13 wakati musimu umebakiza siku 10, umepoteza mbegu. Unafundisha kugawa nguvu: asubuhi uko na nguvu kiasi, ukizimaliza ku miti hutaweza kumwagilia. Unafundisha kwamba shamba ni mipango mbele ya kuwa misuli. Niliwahi kufanya staji na watu wenye madaraka waliokosa kujua hilo.

Tatu, watu wa kijiji. Kuko mzee anayeishi mu hema na hataki kuhurumiwa, askari aliyerudi na vita kichwani, kijana mlevi anayefuga kuku. Kuko na nyumba ya jumuiya iliyobomoka, na unaweza kuirudisha kwa kuleta mavuno ya kila aina, au kununua uanachama wa Joja na kuacha franga zifanye. Mimi niliirudisha polepole.

Nne, mutengenezaji hakutunyonya. Mchezo unanunuliwa mara moja, na nyongeza zilizofuata, hata ile kubwa ya Machi 2024, zilikuja bure. Linganisha na The Sims 4, mchezo wa maisha unaojulikana kuliko yote: ukitaka nyongeza zake zote kwa bei ya kawaida, utapita dola 1000.

Ila hapo tujisemee na siye. Wengi wetu tuliupata Stardew Valley kwa Bluetooth kutoka kwa rafiki. Kulipa na karte ya benki si rahisi hapa, ninajua. Lakini tukisema «mutengenezaji ni mtu mzuri, hakutunyonya», tukumbuke nani alikosa kumlipa nani.

Ukosoaji wa namna tatu

Sasa njo kiini. Ninaona mabishano yetu yanaharibika juu tunachanganya ukosoaji wa namna tatu.

Namna ya kwanza ni kukosoa kile mchezo ulichopunguza. Siku 14 za mahindi ziko hapo. Hii si dhambi. Profesa akichora mmea ku ubao na chaki, hachori kila seli. Mchezo wenye siku 120 za kungoja na ugonjwa wa majani hakuna mtu angeucheza. Swali la kuuliza ni moja tu: je, mchezaji anajua kwamba imepunguzwa? Kama anajua, mwache acheze. Kama hajui, usimnyang'anye telefoni, mpeleke shamba.

Namna ya pili ni kukosoa kile mchezo ulichoficha. Hapa angalia vitu vilivyofichwa vinasaidia upande gani. Ardhi ya bure, soko lisilojaa, shaba bila moshi: vyote vinaegemea upande mmoja. Vinasema kwamba anayefanya kazi kwa bidii atafaulu, na asiyefaulu hakufanya bidii. Kwa mama mwenye shamba la nusu hekta pembeni ya mji, huo ni uongo unaouma. Ukosoaji huu tusiunyamazishe na neno «ni mchezo tu».

Namna ya tatu ni kukosoa kile mchezo unachomfanya mchezaji. Unaanza kwa kukimbia Joja. Baada ya miaka mitatu ya mchezo, umekata miti yote, mashine zinamwagilia, mapipa ya divai yamejaa kila nyumba, na unajua siku za kuzaliwa za watu juu zawadi ya siku ile inaongeza alama za urafiki mara nyingi. Umekuwa Joja mdogo mwenye kofia ya majani. Wapenzi wengi wa mchezo wanalisema wenyewe huku wanacheka, na wengine wanachagua kucheza polepole, shamba dogo, kuku wachache. Ukosoaji wa namna hii ni kioo. Hauhitaji mchezo ubadilike, unahitaji wewe ujione.

Na je, kukosoa kunasaidia kitu? Kunasaidia, hasa kukitoka kwa wanaopenda. The Sims 4 ilipotoka Septemba 2014, haikuwa na mabwawa ya kuogelea wala watoto wadogo wanaojifunza kutembea. Wachezaji walilalamika, mabwawa yakaja Novemba ya mwaka uleule, watoto wakaja Januari 2017. Kubwa zaidi: wachezaji weusi walisema miaka mingi kwamba ngozi nyeusi mu ule mchezo inatoka kama majivu, na nywele zetu hazionekani. Kuko waliotengeneza ngozi na nywele wenyewe na kuwagawia wengine. Desemba 2020 kampuni iliongeza rangi za ngozi zaidi ya 100. Watu wale walipiga kelele juu walitaka kubaki ndani. Anayechukia anafunga mchezo na kwenda zake. Anayependa njo anasumbua mpaka kitu kirekebishwe.

Kitu kilicho mkononi

Nisimalize bila kusema hili. Betri ya ile telefoni iko na kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka mu mkoa wetu na wa jirani, Lualaba. Kuko watu tunaosalimiana nao wanaoingia mu shimo na tochi kichwani. Mugodi wao hauna asansere inayosimama kila ghorofa ya tano kama ya Stardew Valley, na ukianguka huamki kitandani asubuhi na franga kidogo zimepungua.

Sisemi kwamba tusicheze. Kama ni hivyo tusipige simu pia, wala nisiandike hii makala. Ninasema mtu wa Katanga anayecheza mchezo wa kuchimba shaba iko na haki ya kucheka mahali ambapo wengine hawacheki, na kukasirika mahali ambapo wengine hawaoni kitu. Hicho ni kitu cha kuleta mu mazungumzo ya dunia juu ya michezo, si cha kuficha.

Mdogo wangu

Jumamosi iliyofuata nilimwamsha saa kumi na moja. Akanung'unika, lakini akaja. Nilimuonyesha mayai ya kiwavi chini ya jani, akaponda mstari mmoja, mistari miwili. Ku mstari wa tano akakaa chini.

«Yaya, hapa hakuna pa kusevu?»

«Hakuna.»

Akanyamaza. Kiisha akauliza kitu ambacho sikukitegemea: kwa nini tulipanda yote siku moja, kwa nini hatukugawa shamba mara tatu ili bidudu bisikute mahindi ya umri mmoja. Nikamjibu kwamba mvua ilichelewa na wafanyakazi tuliwapata siku moja tu. Lakini swali lilikuwa zuri, na ninajua alikolitoa: mu mchezo anagawa shamba lake vipande na kuandika tarehe ya kila kipande mu kakaye kadogo.

Mavuno yalikuwa chini ya tulivyoandika ku karatasi. Tulirudisha franga za kodi na za mbegu, faida ilibaki ya kununua magunia machache ya chokaa. Kwa shamba la kwanza, hatukulia.

Kuhusu fakulte, sikumwambia aende wala asiende. Nilimwambia kama anaenda juu shamba ni mahali pa amani ambapo kila kitu kinaota, asiende. Kama anaenda juu anapenda kugawa vipande na kuandika tarehe, hata bidudu bikija, basi tutatafuta franga za kujiandikisha pamoja. Bado anafikiri. Jioni anacheza, na mimi ninamwambia «leta kidogo».

Na nyinyi? Ni mchezo gani mnaupenda, na unawaficha nini? Andikeni hapa chini, tusikilizane bila matusi.